Uchungu Hauhesabiwi Pointi: Maneno kwa Vijana Wanaotaka Kuwa Madaktari

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi wa kidato cha tano na cha sita (S.5 na S.6) pamoja na wazazi wao, Arua, Uganda

Waheshimiwa walimu, wazazi wetu, nanyi vijana mliokaa mbele, hamjambo.

Wanafunzi wa Nile Magharibi wakiulizwa kwa nini wanataka udaktari, majibu hayatofautiani sana. Mmoja mama yake alifia kwenye uzazi. Mwingine mdogo wake alishikwa na degedege usiku, bodaboda ikachelewa kupatikana. Mwingine alivuka mpaka kutoka Sudan Kusini akiwa mtoto, akakulia Bidibidi, kwenye makazi ya wakimbizi. Mwingine ana selimundu, na wodi anazijua kuliko baadhi ya wauguzi wapya. Sababu hizi ni za kweli na tunaziheshimu. Ila kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: uchungu unaweza kumfikisha mtu kwenye lango la chuo cha udaktari, lakini hauna nafasi katika hesabu ya kuingia. Na mtu akiingia nao wodini bila kuufanyia kazi kwanza, unaweza kumdhuru mgonjwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowaacha wengi nje. Marekani, anayeomba chuo cha udaktari huandika insha ya maisha yake na kuhojiwa na jopo. Hapa kwetu, anayetoka S.6 moja kwa moja hupimwa kwa matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1. Kwa udaktari Makerere, Biolojia na Kemia ni masomo ya msingi, pointi zake huzidishwa mara 3. Somo la tatu, Fizikia au Hisabati, huzidishwa mara 2. General Paper na lile somo dogo la Hisabati au kompyuta humpa aliyefaulu pointi 1 kila moja. Kwa hiyo mwenye A tatu na madogo yote mawili ana 18, 18, 12 na 2, jumla 50. Wasichana huongezewa 1.5 katika vyuo vikuu vya umma.

Sasa fanyeni hesabu ya kushuka. Fizikia ikitoka A kwenda B, umepoteza pointi 2. Kemia ikitoka A kwenda B, umepoteza 3, na pointi 3 kwenye ushindani wa udaktari ni nyingi mno. Tena herufi ya somo si wastani wa karatasi zake. Karatasi moja ikianguka, herufi nzima inashuka nayo hata kama zile nyingine mbili ni nzuri, na kwa wengi inayoanguka ni karatasi ya tatu, ya maabara. Mwanafunzi anasahau faneli juu ya bureti, inadondosha matone wakati anapima, anasoma kiasi kidogo kuliko kilichotoka. Au haondoi hewa iliyobaki chini ya koki kabla ya kuanza, ile nafasi inajaa kimiminika katikati ya kazi, anasoma kiasi kikubwa kuliko kilichotoka. Makosa haya hayasababishwi na kukosa akili. Yanasababishwa na kuingia maabara mara chache, na kuingia kwa haraka. Shule yenu ikiwa na bureti chache, wekeni zamu za jioni. Ombeni asidi dhaifu, soda dhaifu na kiashiria cha rangi mfanyie mazoezi ya mkono: kufungua koki kwa mkono wa kushoto, kutikisa chupa kwa wa kulia, kushusha tone moja moja rangi inapokaribia kugeuka, na kurudia mpaka vipimo viwili visipishane zaidi ya mililita 0.1.

Tunasisitiza hili kwa sababu mkono huohuo, miaka sita baadaye, utakuwa umeshika dawa ya mtoto wa mtu.

Sasa turudi kwenye uchungu wenyewe. Tunawaomba mfanye kazi moja nyumbani. Chukua daftari, uandike msiba uliokuleta hapa kwa sentensi fupi, saa kwa saa, kama unavyoukumbuka au kama mzee wako wa nyumbani alivyousimulia. Usiandike ulivyojisikia; andika kilichotokea. Kisha kwenye ukurasa wa pili, mbele ya kila tukio, andika swali.

Tuchukue mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, kwa sababu ndicho kisa kinachosikika zaidi. Kondo likishatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze na kuibana mishipa pale kondo lilipokuwa limeshika. Usipojikaza, mishipa inabaki wazi na damu inakwenda. Ndiyo maana mkunga, akishahakikisha hakuna pacha aliyebaki tumboni, humchoma mama oksitosini yuniti 10 msulini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Dawa hiyo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiachwa dirishani siku kadhaa kwenye joto la Arua, kichupa kitaonekana kilekile na lebo ileile, lakini nguvu imepungua. Mkunga atachoma kwa wakati, kwa kipimo sahihi, na mfuko hautajikaza. Damu ikizidi mililita 500, mama yuko hatarini. Akiwa kituo cha daraja la tatu, HC III, hapo hakuna chumba cha upasuaji. Panapotakiwa kuwa na chumba hicho na damu ya kuongezewa ni HC IV, na safari kati ya vituo hivyo viwili wakati mwingine ni ya barabara mbovu usiku.

Mwaka 1994, watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliugawa ucheleweshaji unaowaua akina mama katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Weka daftari lako mbele ya mgawo huo. Mama yako alicheleweshwa wapi?

Jibu ni muhimu kwa sababu huenda lisikupeleke kwenye udaktari hata kidogo. Kama tatizo lilikuwa friji, kazi inayokuita ni ya famasia au ya mafundi wa vifaa vya hospitali. Kama damu haikuwepo, kuna maabara, na kuna huduma ya taifa ya damu yenye makao yake Nakasero na benki zake za mikoani. Kama hakukuwa na mtu wa kuchoma ile sindano ndani ya dakika moja, huyo aliyekosekana alikuwa mkunga, na Uganda inahitaji wakunga wazuri sana. Vijana wengi husema udaktari kwa sababu ndilo jina walilolisikia siku ya msiba. Wakichunguza, wanakuta mtu ambaye angeokoa maisha siku ile alikuwa na kazi nyingine. Hakuna aibu yoyote katika kuibadili fomu baada ya kugundua hivyo. Sisi tunaona huo ndio ukomavu wenyewe.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari ambayo watu wa huruma hawaioni.

Mtoto analetwa na homa kali. Mikono na miguu ni ya baridi, mapigo ni ya haraka na dhaifu, anahema kwa shida, haitiki vizuri akiitwa. Kila aliyewahi kumpoteza mtoto wa namna hii anatamani dripu ifunguliwe, maji yakimbie. Kwa miaka mingi hata miongozo ilielekea huko. Kisha likafanyika jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Za kwetu zilikuwa Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi mengi kwa haraka, la pili albumini, protini ya damu, kwa haraka vilevile, la tatu halikupewa maji ya haraka, bali ya kawaida tu ya kumtunza mgonjwa. Ndani ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.5 na 10.6 katika makundi yale mawili ya haraka. Katika kundi la tatu vilikuwa asilimia 7.3.

Yasikilizeni hayo kwa makini. Kitendo ambacho moyo ulikuwa unakililia kiliwaua watoto zaidi kuliko kutokukifanya. Tuweke mpaka wake pia ili asitokee wa kukosea: watoto wanaoharisha na kukaukiwa maji hawakuwemo katika jaribio hilo, na hao maji wanayahitaji, kwa utaratibu wao. Lakini mtoto wa homa kali mwenye mzunguko dhaifu hakusaidiwa na pupa. Alihitaji mtu atakayempima damu, sukari, malaria na pumzi, kisha atende kwa kipimo.

Na kipimo chenyewe kinafanana na hiki. Mtoto wa kilo 12 ana malaria kali. Aliye chini ya kilo 20 hupewa artesuneti miligramu 3 kwa kila kilo, kuanzia kilo 20 ni miligramu 2.4. Huyu basi ni miligramu 36. Kichupa kina poda ya miligramu 60. Kwanza inaingizwa bikaboneti mililita 1 inayokuja ndani ya boksi lilelile, kinatikiswa mpaka kiwe angavu kabisa, ndipo huongezwa maji ya chumvi mililita 5 kwa sindano ya mshipani. Sasa kila mililita ina miligramu 10, kwa hiyo 36 ni mililita 3.6, na majedwali ya dozi hupandisha hadi 4. Inarudiwa baada ya saa 12, na tena ifikapo saa 24. Anayeruka bikaboneti na kutia chumvi moja kwa moja ataona poda haiyeyuki ipasavyo. Anayetumia kipimo cha chumvi cha sindano ya msulini, ambacho ni mililita 2 tu, kisha akasoma jedwali la mshipani, atampa mtoto dozi isiyo yake. Wakati huohuo sukari ya damu imepimwa. Ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, mtoto anapewa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, yaani 60 kwa huyu.

Hesabu hiyo inafanywa saa tisa usiku, taa ikiwa ya simu, mama mtu akilia pembeni na mtoto wa kitanda cha pili akianza degedege. Uchungu wako wa zamani utaamka hapohapo. Anayesalia mtulivu si yule asiyekuwa na uchungu. Ni yule aliyefanya hesabu hii mara nyingi mchana mpaka mikono inaijua.

Kuna watu wawili wa nchi hii ambao maisha yao yanaonyesha vizuri tunachosema.

Dokta Matthew Lukwiya alizaliwa Kitgum mwaka 1957. Baba yake alikufa maji yeye akiwa na umri wa miaka 12, mama akamlea kwa biashara ndogondogo za kuvuka mpaka. Alisoma kwa kufaulu darasa hadi darasa mpaka Makerere, na mwaka 1983 akafika Hospitali ya Lacor, Gulu. Mwaka 1989 waasi walipoingia hospitalini kuteka wauguzi, alijitoa yeye aende badala yao, akakaa porini kama wiki moja. Mwezi Oktoba 2000, wanafunzi wa uuguzi walipoanza kufa kwa ugonjwa usioeleweka, alipitia majalada ya wagonjwa usiku, akaona mfululizo wa vifo vinavyofanana, akalisoma kitabu cha mwongozo wa homa za kutoka damu, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa kabla maabara haijathibitisha kwamba ni Ebola. Mlipuko ule uliwapata watu 425, na 224 wakafa. Mtaona kwamba aliyekuwa na kila sababu ya kukimbia hofu alianza kwa kusoma majalada.

Alikufa tarehe 5 Desemba 2000. Inaaminika aliambukizwa alipokimbilia kumhudumia muuguzi mwenzake aliyekuwa akitapika damu: alikuwa amevaa glavu, barakoa na gauni, lakini bila miwani ya kinga. Tunaisema sehemu hii kwa heshima kubwa, na tunaisema kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wengine mpangilio wa kuvaa.

Wa pili ni Noerine Kaleeba. Alikuwa tayari mtaalamu wa fiziotherapia, akiongoza shule ya fani hiyo Mulago, mumewe alipofariki kwa UKIMWI Januari 1987. Mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na VVU na UKIMWI. Waliuliza swali linaloeleweka: mgonjwa akishatoka hospitalini, nani anamtembelea, nani anamsikiliza, nani anamweleza mke na watoto? Uchungu wake haukumpeleka kwenye fani mpya. Uliibadilisha ile aliyokuwa nayo.

Kuhusu miili yenu wenyewe tutasema machache, lakini myafuate. Homa ya ini aina ya B iko kwa wingi zaidi huku kaskazini na Nile Magharibi. Kabla hujagusa mgonjwa, pima. Ukiwa huna ugonjwa huo, choma chanjo mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuanza wodi, usianze wiki ya kuingia. Ukijichoma sindano ya mgonjwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kukamua, toa taarifa saa hiyohiyo, na kama dawa za PEP, za kuzuia VVU, zinahitajika zianze mapema, kabla ya saa 72 kupita, zinywewe siku 28. Wanafunzi huficha ajali hizi kwa kuogopa kuonekana wazembe, na saa zinakwisha. Mwenye selimundu anaweza kusoma fani ya afya, ila aseme mapema ili zamu za usiku, baridi na kukosa maji ya kunywa visimletee maumivu katikati ya kazi. Na aliyefiwa na mama kwenye uzazi asione haya kumwambia msimamizi kabla ya kuanza mzunguko wa leba. Tatizo hutokea kwa yule anayekaa kimya, halafu siku ya kwanza mama akivuja damu yeye anaganda, au anatoka mbio nje.

Njia za kuingia ni zaidi ya moja. Nafasi za serikali katika vyuo vikuu vya umma zimekuwa kama 4,000 kwa mwaka kwa kozi zote: 3,000 kwa ushindani wa kitaifa, 896 kwa mgawo wa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu, 40 kwa wanamichezo. Mtoto wa wilaya za huku asiidharau ile ya wilaya. Udaktari unasomwa Makerere, Mbarara, Gulu na Busitema kule Mbale, pamoja na vyuo vingine vya umma na vya binafsi. Ni miaka mitano, halafu miezi 12 ya intanishipu, yaani mafunzo ya kazini hospitalini, katika idara nne: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Bila hiyo baraza la madaktari halikusajili kikamilifu. Wazazi waelewe pia kwamba posho ya intani imewahi kuchelewa na kusababisha migomo, kwa hiyo mwaka ule si mwaka wa kuanza kumdai mtoto pesa za kujenga.

Pointi zisipotosha, diploma ya klinikali ofisa, yaani tabibu, ni miaka mitatu, na mwenye diploma nzuri anaweza baadaye kuomba udaktari kwa njia ya diploma. Hapa Arua Chuo Kikuu cha Muni kinafundisha uuguzi. Tumeshawaona wazazi wakiitaja njia hii kama ya walioshindwa. Tafadhali msiwaambie watoto hivyo. Katika vituo vingi vya HC III, usiku kucha, anayempokea mgonjwa ni klinikali ofisa, muuguzi na mkunga.

Upande wa pesa, bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo wake hulipa ada ya masomo na ada za uendeshaji na utafiti, pamoja na vifaa vya mwenye ulemavu. Chakula na kitanda haulipi, kwa hiyo familia ipange hayo mawili kabla barua ya chuo haijafika. Mkopo ni wa raia wa Uganda. Vijana wakimbizi waulizie ufadhili wa masomo wa DAFI, wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Na hapo kwenye fomu ya mkopo ndipo msiba wa nyumbani unapohesabiwa, lakini kwa karatasi. Inatakiwa namba ya kitambulisho cha taifa ya mwanafunzi na ya wazazi, na mzazi aliyefariki huthibitishwa kwa cheti cha kifo. Watoto wengi wa huku wamefiwa na baba au mama aliyefia nyumbani, kifo hakikuandikishwa popote, na leo hakuna cheti. Wazazi na walezi, anzeni mwezi huu. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mpate barua, halafu kwenye ofisi ya subkaunti kifo kiandikishwe, ndipo NIRA, mamlaka ya vitambulisho na uandikishaji, wakitoe cheti. Angalieni jina la marehemu liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye karatasi za shule za mtoto, na kama limepishana, suala hilo lishughulikiwe sasa, kijana akiwa bado S.5.